Mishumaa Ndani ya Sufuria

Juzi niliinjika githeri, mahindi na maharagwe, kwenye sufuria aliyoniletea Mama, na kabla maji hayajachemka nyumba nzima ilikuwa inanuka mshumaa. Nilizima gesi. Nikafungua dirisha, nikalifunga, nikalifungua tena. Jirani yangu wa mlango wa pili, dada mmoja wa Machakos aliyehamia huku Kisumu kwa kazi, alibisha hodi akauliza kama stima imepotea kwangu peke yangu. Nikamwambia stima iko. Akanitazama nilivyosimama na mwiko mkononi, machozi yananitoka, akasema pole na kurudi kwake. Sikumlaumu.

Sufuria yenyewe ni ile kubwa ya kupikia wageni. Imebonyea ubavuni, na nta imejibana chini ya ukingo mahali ambapo waya wa kusugulia haufiki. Nyumba ilikotoka inabomolewa ili wajenge ghorofa, na mwenye nyumba tulimzika zamani. Mama alikwenda kuiangalia nyumba mara ya mwisho, akakuta mafundi wameitupa nje pamoja na mabati, akaiokota. "Hii ni yako," aliniambia. "Lakini uisugue, bado ina mambo yake." Mambo yake! Mama ni mtu wa kutaja jambo zito kama anataja chumvi.

Mwenyewe tulimwita Dani, ndiyo nyanya kwa Kiluo, ingawa alikuwa Mzungu mweupe pe mwenye madoadoa mikononi. Mtaani walimwita Mama Pamba, kwa sababu marehemu mume wake alikuwa fundi wa mashine za kuchambua pamba huku ziwani, enzi ambazo pamba ilikuwa pamba. Alikuwa Myahudi kutoka mji mdogo wa Poland. Neno Myahudi nililijua kutoka Sunday school tu, na nilidhani Wayahudi wote waliishia kwenye Biblia, kwa hiyo nilimwona Dani kama mtu ambaye wenzake waliondoka wakamsahau.

Mama alimpikia. Tulikaa kwenye vyumba vya wafanyakazi nyuma ya nyumba yake, mimi, Mama na Baba. Baba alitoka upande wa Mlima Kenya na alikuwa anauza viazi sokoni. Alikuja Kisumu akiwa kijana, akaoa msichana Mluo wa Kombewa, akajua Kiluo cha kuuza na cha kutania. Ndiyo maana nina majina mawili. Baba aliniita Shiru, jina la mama yake. Kwa kina Mama nilikuwa Atieno. Jambo hilo lilimfurahisha sana Dani. "Majina mbili ni mzuri," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kujitafutia. "Mimi pia nilikuwa nayo mbili. Moja ya nyumbani, moja ya kujificha." Nikadhani anasema brikicho, ule mchezo wetu wa watoto wa kujificha, nikamwuliza ni nani alikuwa anahesabu.

Dani hakuwa mtu wa kutulia. Kiti hakikumshika. Aliketi ukingoni tu, macho mlangoni, kisha huyo, amesimama, anagusa komeo la dirisha, anarudi, anakwenda tena. Viatu vyake vililala vimeelekea mlangoni. Mkate haukutupwa hata ukikauka kama tofali. Ulikatwa, ukaanikwa, ukatiwa kwenye mfuko uliotundikwa nyuma ya mlango wa jikoni. "Mama, kaa chini, unanichanganya kichwa," Mama alimwambia, naye akajibu, "Nakaa, nakaa," huku anakwenda.

Na kila Ijumaa jua likikaribia kutua, mishumaa ya Sabato yao. Aliweka sufuria kubwa juu ya meza ya jikoni, akasimamisha mishumaa miwili ndani, chini kabisa, akawasha, kisha akafunika macho kwa mikono na kusema maneno ya kwao taratibu. Ukisimama nje huoni mwanga wowote. Ukisimama mlangoni unaona uso wake tu, umemulikwa kutoka chini. Mimi niliamini kuna mtu mdogo anaishi humo na Dani anamwashia taa. Siku moja nikamtilia kipande cha ndizi. Dani aliikuta inaungua, akacheka mpaka akaketi chini sakafuni, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona ameketi vizuri.

Akanieleza. Mama yake alianza kuwasha hivyo wakati askari wa kigeni walipoingia mji wao, ili doria ikipita isione mwanga wa Ijumaa dirishani. Nikamwambia mbona vita viliisha, mwalimu alisema. "Ndiyo, iliisha," akasema. "Lakini mkono yangu haijaambiwa." Akanionya pia kwamba moto wa Ijumaa ukishawashwa haushikwi wala hausogezwi. Unaachwa ujizimie wenyewe, ndiyo sheria.

Sasa, alisema askari waliingia. Hakusema walitoka. Mimi nikaelewa kwamba mpaka leo wako njiani, na kwamba zamu ya Kisumu itafika. Mgeni mwenye nguvu anayekuja Kisumu atatokea wapi kama si ziwani? Basi nikajipa kazi. Nyuma ya vyumba vyetu kulikuwa na ukuta mfupi, na ukiupanda unaona maji, magugu yanayoelea na meli za mizigo. Kila jioni nilipanda kulinda ziwa. Meli ikipita nilikimbia kumwambia Dani, naye, badala ya kunifukuza nikacheze, aliuliza kwa makini, "Ilisimama ama ilipita?" Nikisema ilipita, anashusha pumzi. Nani hapo angejua kuwa ni ujinga?

Jioni moja upepo ulivuma kutoka ziwani, ule wa kubamiza milango, na kwa mbali tukasikia sufuria zinapigwa. Nyawawa. Kwa asiyewajua, hao ni mapepo wanaopita na upepo wa ziwa, na dawa yao ni kelele. Nyumba ya kwanza inapiga sufuria, debe, mabati, chochote. Jirani akisikia anapiga, na jirani wa jirani naye, mpaka mapepo wasukumwe mtaa mwingine. Huulizi nani ameanza wala ameona nini. Ukinyamaza, watabaki kwako. Mama alishika mfuniko, mimi debe, na Baba, ambaye kwao hakuna nyawawa, alipiga kuliko sisi wote huku anacheka. Tulipomaliza ndipo Mama akauliza Dani yuko wapi.

Tulimkuta stoo, nyuma ya magunia ya viazi ya Baba, amejikunja, mfuko wa mkate kifuani na kiganja kimeziba mdomo wake mwenyewe. "Wamefika," alininong'oneza mimi, si Mama, maana mimi ndiye niliyekuwa mlinzi. Mama alimtoa polepole, akampa chai yenye sukari nyingi, akamweleza habari ya nyawawa tangu mwanzo. Dani alisikiliza kama mtu anayechagua kitambaa sokoni, anakigeuza upande huu na huu.

"Wote wanapiga?"

"Wote, Mama."

"Hata ile hajaona kitu?"

"Huyo ndiye anapiga zaidi."

"Na kama hapendi jirani?"

Mama akacheka. "Nyawawa hawaulizi kama mnasalimiana. Ukisikia, unapiga."

Dani alizungusha kikombe mezani. "Desturi mzuri," alisema. "Desturi mzuri sana hiyo." Kisha akaenda kugusa komeo la dirisha.

Halafu ikaja ile Krismasi ambayo baada yake shule hazikufunguliwa kwa wakati. Watu walipiga kura, wakangoja matokeo, akatangazwa mtu wa upande wa Mlima Kenya, mji ukasema kura zimeibwa, ukawaka. Wa rika langu hamhitaji kusimuliwa, kila mmoja ana moshi wake. Nilichojua mimi ni kwamba watu wa upande wa kina Baba hawatakiwi tena Kisumu, na kwamba Mama ameacha kuniita Shiru hata ndani ya nyumba. Redio ilikuwa chini siku nzima. Dani hakulala. Alisogeza magunia stoo, akaacha nafasi nyuma yake, akayarudisha, akayasogeza tena. Alinifundisha kukaa kimya humo nikipumua kwa pua. Niliona ni maandalizi ya wale askari, nikaongeza bidii ya kulinda ziwa.

Alimwita Baba jikoni. Nilikuwa chini ya meza nachambua mchele wa Ahero, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Wewe kwenda leo," Dani alimwambia. "Ama kujificha leo. Si kesho."

"Mama, watu wa soko wananijua," Baba alisema kwa upole. "Nimekula nao, nimezika nao. Hii ni hasira ya wiki moja. Nikikimbia ni kama nimekubali nina makosa. Na viazi vinaoza."

Dani alipiga meza kwa kiganja, na mchele wangu ukaruka. "Baba yangu alisema maneno hii hii! Alikuwa fundi wa viatu. Askari walisema andikisha jina, akaandikisha. Walisema vaa alama kwa mkono, akavaa, akanyoosha na pasi. Alisema, hawa watu wa mji nimewashonea viatu, wananijua. Ndugu yangu alikasirika, akaingia msitu kupigana nao. Mama yangu akanipeleka kwa mama mmoja wa shamba, akanificha kwa shimo ya viazi. Nyumba moja, kila mtu na akili yake."

"Nani alikuwa sawa?" Baba aliuliza.

"Sijui. Ndugu yangu alikufa na bunduki kwa mkono. Mimi niko hapa. Mama alirudi mjini kwa Baba, kwa sababu Baba hakuweza kukaa peke yake. Wakawachukua wote wawili. Waliwapitisha barabarani mchana, mbele ya nyumba ya watu wote. Ule mama wa shamba alikuwa sokoni, aliona, aliniambia. Dirisha zote imefungwa. Hakuna mtu alilia, hakuna mtu aliuliza wanaenda wapi. Hata kijiko haikuanguka."

Baba aliinama kuniokotea punje zilizoruka. Halafu akasema, kwa heshima zake zote, "Nimesikia, Mama. Kesho nitaangalia hali." Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema, "Baba Shiru, heri nusu shari kuliko shari kamili." Alikuwa amelitaja jina langu la upande wa Baba kwa bahati mbaya, akaziba mdomo.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Baba alitoka asubuhi kwenda kibandani. Alirudi kwa vichochoro, shati linanuka viazi vya kuchoma. Kibanda kilikuwa jivu, na watu aliokula nao walikuwa wanaokota viazi kwenye makaa na kuvila. Aliingia stoo mwenyewe, nyuma ya magunia, bila kuambiwa, na Dani akayarudisha mahali pake.

Jua lilipokaribia kutua nilikuwa juu ya ukuta wangu. Ziwa lilikuwa shwari, hakuna hata jani linalotikisika, hakuna meli. Nilikuwa karibu kushuka nikatoe ripoti njema, niliposikia lango la barabarani linatikiswa. Nilizunguka nyumba mbio. Walikuwa vijana wengi kidogo, na wa mbele alikuwa Odhis, mtoto wa Mama Odhis, jirani yetu anayekaanga samaki. Odhis ndiye aliyenifundisha baiskeli. Sikuogopa. Ningeogopaje? Hawakuwa wageni, hawakuwa na sare, na hawakutoka ziwani. "Niaje Odhis," nikamwambia. Alikuwa na panga, na macho yake yalinipita kana kwamba sipo.

Mama alikuwa ameshafika langoni, ameshika vyuma kwa ndani.

"Auntie, na wewe hatuna shida," mmoja wao alisema. "Tunataka huyo mzee wa viazi. Tunajua ako ndani."

"Ameenda. Ameenda kwao," Mama alisema, na sauti yake haikuwa yake. "Rudini nyumbani, watoto wangu."

"Fungua basi tuone."

Nilikimbilia jikoni. Dani ndio kwanza alikuwa amemaliza kuwasha. Sufuria ilikuwa mezani, mwanga wake chini kabisa, na yeye amesimama kwenye mlango wa stoo, mkono kwenye kitasa. Mguu mmoja ulikuwa umeshaingia. Alikuwa anataka kujificha, na mimi pia nilitaka tujifiche, tuingie kule kwa Baba tupumue kwa pua.

"Askari?" aliniuliza.

"Hapana, Dani. Ni kina Odhis."

Aliutoa mguu. Akafunga mlango wa stoo, akaja mezani, akatia mkono ndani ya sufuria na kutoa mshumaa unaowaka. Moto wa Ijumaa, ule usioguswa. Nta ilimwagikia vidole, hakupepesa. Akavuta pazia, akausimamisha dirishani. Akatoa wa pili, akauweka pembeni ya mwenzake. Kisha akabeba sufuria kwa ukingo, akachukua mwiko, akatoka barazani na kuanza kupiga.

Alipiga kama mwehu. Hakukuwa na upepo. Nyawawa gani wanakuja bila upepo? Vijana walimtazama, wakacheka. "Mama Pamba amechizi, maze." Lango likatikiswa tena, kwa nguvu zaidi. Nilishika debe nikapiga kando yake. "Piga, Shiru!" alinipigia kelele. "Piga, Atieno!" Alikuwa anatuita sote wawili. Nilipiga mpaka mkono ukafa ganzi, na mtaa ulikuwa kimya. Madirisha yalikuwa yamefungwa yote, na nyuma yake palikuwa na watu, nilijua, nilijua hata majina yao. Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyouchukia ukimya ule.

Halafu ng'ambo ya barabara mfuniko mmoja ukalia. Kidogo tu, kwa wasiwasi. Ukalia tena. Kushoto kwetu mtu akaanza kupiga mabati, kisha chini huko debe, kisha sufuria, sufuria, sufuria, na milango ikaanza kufunguka, watu wakitoka nje wanapiga huku wanatazama juu kuwatafuta nyawawa. Mama Odhis alitoka na karai lake la samaki, leso nusu imefungwa, anapiga na mwiko wa chuma kwa roho yake yote. Alitazama mbinguni, akatazama ziwani, halafu akatazama lango letu. Karai likanyamaza.

"Odhiambo!"

Odhis aligeuka.

"Uwi! Kumbe nyawawa wenyewe nimewazaa mimi?" Alikuwa anavuka barabara, karai mkononi. "Unatafuta nini kwa lango la watu? Leta hiyo panga. Leta! Baba yako alikata nayo nyasi ya ng'ombe, wewe unakata nini?"

"Mathe, wacha..."

"Nikuache? Huyu mtu alibeba jeneza la baba yako na wewe unasema nikuache?"

Wale wengine walianza kurudi nyuma, mmoja mmoja, kwa sababu kila baraza ilikuwa na mtu sasa, na wengi wa watu hao walikuwa mama zao au shangazi zao. Nyuso zilikuwa zinaonekana. Odhis alilitoa panga bila kumtazama mama yake. Dani hakuacha kupiga. Mama alilazimika kumshika mikono yote miwili, na hapo tukaona ubavu wa sufuria umebonyea.

Kabla giza halijakomaa Baba aliondoka katika pikapu ya ndugu yake Mama Odhis, amelala katikati ya makreti ya samaki, mpaka kituo cha polisi, na kutoka hapo, baada ya siku nyingi za kulala nje, hadi kwao. Mitaa mingine haikupata bahati hiyo. Baba yuko hai, na kila siku nashukuru. Lakini hakurudi kuishi Kisumu. Alitutumia viazi kwa basi, akanisomesha kwa karo aliyotuma kwa simu, akanikosa mezani miaka yote ya kukua kwangu, na nina hasira mpaka leo, sitadanganya. Alikuja tena mara moja tu, kumzika Dani kando ya mume wake. Mama Odhis alimshika mkono pale kaburini.

Baada ya jioni ile Dani hakuwasha tena mishumaa ndani ya sufuria. Aliiweka dirishani, pazia wazi, kila Ijumaa mpaka alipokufa. Nilimwuliza sababu. "Waone," alisema tu, na vidole vyake vilikuwa bado na makovu ya nta. Viatu vyake viliendelea kuelekea mlangoni. Na mimi niliacha kulinda ziwa, nikaanza kutazama barabara, na sijui jinsi ya kuacha.

Kura zinakaribia tena. Jana nilipigilia msumari karibu na mlango wangu, nikatundika sufuria, na mwiko pembeni. Yule dada wa Machakos alipita akasimama.

"Na hiyo ni ya nini?"

"Ya nyawawa," nikasema, nikamweleza.

Alicheka. "Sisi kwetu hatuna hiyo kitu."

Mimi sikucheka. "Ukisikia napiga, na wewe upige. Usiulize kwanza."

Akanitazama, na kicheko kikamtoka usoni polepole. Nadhani alikuwa anafikiria mwenyewe ni mgeni hapa, na lango letu likitikiswa siku moja, watakuwa wanamtafuta nani.

"Lakini mimi sina sufuria kubwa," akasema.

"Hata kijiko," nikamwambia.